Kanga ya Kushindilia

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Leo nimeyeyusha wavu wa marehemu Amade. Si wavu wenyewe, chubwi zake — zile risasi zinazouzamisha. Abudo, mume wangu, aliuleta asubuhi akiuburuta mchangani, akaukalia, akaanza kukata chubwi moja moja kwa kisu. Amade alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Nikamwambia, Baba Zaida, niachie mimi. Akasema wavu wa mtu aliyechinjwa hauvui samaki tena, sasa utavua watu. Akaendelea kukata.

Sitaki kuanza na Amade. Nianze na kazi.

Moto wa vifuu. Sufuria ya chuma ya marehemu baba. Kalibu ya baba pia, ile ya vipande viwili yenye vishikio vya mti. Risasi ikiiva uchafu unaelea juu, nautoa kwa kijiko. Namimina. Nangoja. Nafungua kalibu — kinadondoka kidude cha mviringo, kizito, cha moto. Nakata mkia, nasugua kwenye jiwe. Kimoja, kingine, kingine. Lugha yetu ina uvivu wake: madini yenyewe ni risasi, na yakishaingia mwilini mwa mtu bado ni risasi. Kati ya chubwi na maiti hatukuona haja ya neno jipya.

Baba alikuwa na sharti: risasi ikimiminwa, usiseme. Neno likiingia ndani, inapotea njia. Upuuzi wa watu wa zamani! Lakini leo Zuleica, mke wa Adamo, kaja kupiga hodi katikati ya kumimina, nami sikuitika. Kanuna. Akasema kwa sauti huko nje kwamba wake za wakubwa siku hizi hawaitiki. Wake za wakubwa! Abudo ni mkubwa wa walinzi wa kijiji cha Mwambani, yaani mkubwa wa magobori sita ya babu zetu. Na mke wa mkubwa ana lengelenge mkononi kubwa kuliko cheo cha mumewe.

Sita, na hakuna mawili yenye mdomo sawa. Kalibu ni moja. Basi tofauti tunaiziba kwa nguo. Gobori la Mussagy, kitambaa chembamba cha shuka. La Adamo, gunia. La Abudo ndilo lenye mdomo mpana kuliko yote, kila nguo inapwaya. Tumejaribu kitenge, tumejaribu suruali yake. Mwisho nimetoa kanga yangu. Ile nyekundu kwa nyeupe aliyoniletea kutoka Mtwara tulipooana, yenye maandishi NIMEKUAMINI USINIGEUKE. Nimeikunja mara mbili, imekaa sawasawa, risasi inateremka kwa kubembelezwa. Nimekata vipande kuanzia pindo. Abudo kaniangalia nikikata, akasema, hiyo nayo? Nikasema hiyo hiyo, urudi nyumbani mzima. Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa unanuka wavu.

Jumapili, 4 Agosti

Bunduki imempasukia Adamo.

Tulikuwa tunakula. Kelele kutoka kisimani — wamekuja! wamekuja! — na watu wakaanza kutawanyika, kila mtu na lake. Jirani yangu kabeba kuku kaacha mtoto. Walinzi wakakamata magobori. La Adamo lilikuwa limeshindiliwa tangu alasiri na Zuleica. Lakini kikumbi hakikuwepo.

Kikumbi ndiyo sheria yetu hapa. Mke akimaliza kushindilia anafunga uzi wa makumbi ya nazi kwenye mtambo wa bunduki. Ukikiona, bunduki ina mzigo, usiongeze kitu. Usipokiona, ni tupu, shindilia. Nani ana nafasi ya kuchungulia mtutu watu wanapokimbia? Kweli, ukitia mdeki — ile fimbo ya chuma ya kushindilia — na ukaona umebaki nje kuliko kawaida, unajua kuna kitu ndani. Adamo hakutazama mdeki. Alitazama kisimani. Akatia baruti juu ya baruti, risasi juu ya risasi, akapiga.

Nilikuwa nyuma yake. Mtutu ulichanika kama ganda la ndizi. Kidole gumba kimeruka mpaka ukutani kwetu, nimekiokota mimi, kwa jani. Jicho la kulia halipo. Shavu limefunguka, meno yote nje, ukimwangalia utadhani anacheka. Hakulia. Aliuliza tu: wamefika wapi?

Nyani! Walikuwa nyani kwenye mihogo.

Tumempeleka posto, zahanati yetu, kwa Dona Lígia, enfermeira wetu, mtu wa Beira. Kaosha, kafunga, kaomba kwa simu gari la kumpeleka Mocímboa. Gari halijapatikana. Abudo kawakusanya walinzi pale pale nje, mikono yake ina damu ya mwenzake mpaka viwikoni, akawafokea: kikumbi! Nani hajui kikumbi? Kikumbi kipo, usiguse! Hakipo, shindilia! Hakuna kuuliza, hakuna kufikiri, kufikiri kunaua! Wakaitika wote kama watoto wa madrasa.

Jumatatu, 5 Agosti

Adamo kafa alfajiri. Tumemzika. Gumba nalo wamelizika naye, nililihifadhi.

Mama yake anasema Zuleica kamuua mwanawe. Kasema mbele ya watu, maiti bado iko ndani. Eti mwanamke asiyefunga kikumbi ana mwanamume mwingine. Zuleica anaapa, nilikifunga, wallahi nilikifunga, labda kilinaswa na mwiba. Hakuna anayemsikiliza. Nikasema mimi: mama, mtu husahau. Yule bibi kanigeukia — mke hasahau! Mke anasahau chumvi, hasahau bunduki ya mumewe!

Nimerudi nyumbani nikafunga kikumbi kwenye gobori la Abudo kwa mafundo matatu.

Jumanne, 6 Agosti

Mikono bado ina udongo wa shamba. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa shambani nachimba mihogo. Nikasikia mtu nyuma yangu ananiita dada. Nikageuka na jembe juu. Akasema, usipige kelele, dada. Ni mimi.

Rafique! Mdogo wangu. Kitindamimba wa mama. Miaka miwili hatumjui yu hai au amekufa. Siku mashababi walipochoma kijiji mara ya kwanza, alikuwa baharini na wenzake. Boti ilionekana, wao hawakuonekana. Wengine wanasema alichukuliwa, wengine wanasema alikwenda. Mimi nilisema alichukuliwa. Nilisema mpaka nikachoka kusema.

Amekonda, mbavu unazihesabu. Ana kovu shingoni ambalo si la mama yangu. Nimempa muhogo akaula mbichi na udongo wake. Nikamwambia menya basi! Akacheka. Kicheko ni kile kile. Hapo ndipo nilipolia.

Kasema katoroka. Kasema amesikia redioni kwamba anayejitoa hauawi. Ni kweli, dada? Nikasema ni kweli, maana nami nimesikia. Anataka kurudi nyumbani, aoge, alale chini ya paa. Hataki kingine. Nikamuuliza, silaha iko wapi? Kaitupa. Nikamuuliza umefanya nini huko? Akaangalia mihogo. Akasema, dada, nitakwambia nikishaoga.

Nimemwachia maji na kanga niliyojifunga kichwani. Kesho nitamletea jibu.

Nimemwambia Abudo. Nimwambie nani mwingine? Yeye ndiye mkubwa wa walinzi, na ndiye mume wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga makelele. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, akasema taratibu: aje. Aje kesho mchana, jua likiwa juu, kwa njia ya kisima, ili kila mtu amwone. Asivae kitu kifuani. Mikono juu. Nitawaambia vijana wasifanye ujinga. Kisha tutamkabidhi kwa tropa, wanajeshi wa serikali, watamwandika, atarudi.

Nikamwuliza, hutamfanya kitu? Akasema, Mama Zaida, huyu si shemeji yangu?

Alhamdulillahi. Leo nitalala.

Jumatano, 7 Agosti

Kapigwa. Yu hai.

Nilimfuata shambani mwenyewe, nikamweleza njia, nikamwambia inua mikono, tembea polepole, usikimbie hata wakikufokea. Nilitangulia. Nikasimama kisimani na wanawake wengine nikimngoja. Akatokea kwenye mikorosho, kifua wazi, mikono juu, kashika kanga yangu kama bendera. Anatembea kama nilivyomwambia. Polepole! Akaniona. Akatabasamu.

Mlio mmoja. Moshi sikuona umetokea wapi, kila mtu alilala chini, nami nililala. Nilipoinua kichwa Rafique yuko chini anajaribu kutambaa kuja kwangu, mguu mmoja unafuata, mmoja haufuati.

Walinzi wakatoka mbio kila upande. Abudo akapiga kelele: wale! wale wamemfuata! wamempiga wenyewe kutoka mikorosho ya ng'ambo! Mussagy na wenzake wakafyatua huko ng'ambo kwenye majani. Hakuna aliyejibu. Wakang'oa mlango wa posto, wakambeba Rafique juu yake mpaka huko, Abudo mwenyewe kashika mbele. Mume wangu. Nilimwombea dua nikikimbia nyuma yake.

Dona Lígia kasema risasi iko ndani ya nyonga, imesimama kwenye mfupa, lazima itoke, gari likipatikana kesho au keshokutwa atakuwa ameoza. Dawa ya kulaza hana. Anayo ya ganzi, kidogo. Nikamshika mdogo wangu mabega, mtu mwingine miguu. Alipoingiza koleo lake Rafique aliuma mkono wangu, nikamwachia aume. Alama ninayo hapa. Damu ilikuwa nyeusi halafu ikawa nyekundu. Dona Lígia anatukana kwa Kireno, jasho linamdondokea puani, anachimba, anatoa, anachimba tena. Mara — kong! kwenye bakuli.

Akaangalia. Akaniuliza, bala ya nini hii, risasi ya nini? Maana risasi za wale ni nyembamba, zina ncha, tumeziokota nyingi tunazijua. Hii ya mviringo.

Nikasema sijui.

Mimi! Nisijue! Upande mmoja ina ule mshono wa kalibu ya baba, ulioenda kombo tangu nilipoiangusha nikiwa msichana. Ningeijua gizani kwa ulimi.

Lakini hiyo bado si kitu. Magobori ni sita, sasa matano, yote yanakula risasi zangu. Nikajisemea mlinzi mmoja kaogopa, kafyatua, anaona haya. Inatokea. Dona Lígia akaendelea kusafisha tundu. Akatoa kitu kama ulimi mdogo mweusi. Nguo, akasema, suruali yake imeingia. Akatupa kwenye bakuli, akaanza kushona.

Rafique alikuwa amevaa suruali ya kijani.

Nimekiokota kile kitambaa. Nikatoka nje, nikakiosha kwa maji ya ndoo. Nyekundu kwa nyeupe. Kimeungua pembeni, kimekunjwa mara mbili. Nikakikunjua. Kina herufi.

USINI.

Risasi inakwenda mbali, kitambaa hakiendi. Kikitoka mdomoni kinaanguka hapo hapo karibu. Ili kiingie mwilini mwa mtu pamoja na risasi, lazima mpigaji awe karibu naye kama mtu na mwenzake wanaosalimiana. Si ng'ambo. Si mikorosho yoyote ya ng'ambo. Kile kichaka cha kando ya njia, pale nilipopita mimi kwanza.

Na nguo ile inashindilia bunduki moja tu duniani.

Nimekifunga kiunoni. Halafu nimerudi ndani nikamshika tena mdogo wangu mabega.

Alhamisi, 8 Agosti

Asubuhi nimempelekea Abudo uji. Kando ya bakuli nimeweka kile kitambaa, nimekinyoosha vizuri, maandishi juu.

Alikisoma. Anasoma polepole, midomo inatembea. Nilikuwa nimejiandaa atakana, atapiga, atalia. Akakunja kitambaa, akakiweka mfukoni mwa shati. Akasema, nilisogea karibu nisikose, na bado nikapiga chini. Jasho liliingia jichoni.

Hivyo tu! Kama mtu anayesimulia samaki aliyemponyoka.

Nikamwambia, alikuja mikono juu. Nilimwamini aliyeniambia nimlete mikono juu. Nimemleta kwa mkono wangu mwenyewe, Abudo, kama mbuzi! Ndipo akanitazama. Akauliza: Amade alikuwa na miguu au hakuwa nayo?

Sikuelewa. Akasema, mtu mzima mwenye nguvu kama Amade hakatwi shingo na mtu mmoja. Mmoja anakata. Mmoja anashika mikono. Mmoja anashika miguu. Mussagy alikuwa juu ya mnazi siku ile, aliona yote, hakushuka mpaka wakaondoka. Alinambia mimi peke yangu. Muulize ndugu yako nani alishika miguu.

Siku ile naijua. Mwaka jana, msimu wa korosho. Kichwa walikiweka juu ya kinu cha mama mkwe, yule mama akatoka kutwanga asubuhi akakikuta kinamtazama. Hakusema neno tena mpaka alipokufa. Abudo ndiye aliyekibeba kichwa akakiunganisha na mwili, akakishikilia kwa mikono miwili wakati wa kukafini ili kisigeuke. Mchana ule ule tulikimbia, nami mguu wangu umeteguka, akanibeba mgongoni kuvuka kinamasi kizima, huku analia kwa sauti na hajifichi. Huyo ndiye mume wangu. Simjui mwingine.

Nimekwenda posto. Rafique ana homa, macho yanawaka. Nikamuuliza bila salamu: nani alishika miguu ya Amade?

Akafumba macho. Akasema, nilitaka nioge kwanza, dada.

Nikamwambia sema.

Akasema, walisema nishike au niwe wa pili. Nilishika. Kiatu kimoja kilimvuka Amade akihangaika, kile kiatu changu cha plastiki nilichomwazima. Aliniambia — Rafique, nishike vizuri basi, waharakishe. Kisha akasema, dada, nilimshika vizuri.

Nilimpiga kofi. Mgonjwa, ana tundu nyongani, nikampiga kofi mpaka Dona Lígia akaja kunivuta. Halafu nikamkumbatia. Sijui yote haya yanakaaje kwenye kifua kimoja. Najua tu kwamba nilimlea. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno.

Dona Lígia kasema gari la tropa limethibitishwa, linakuja kesho kabla ya sala ya Ijumaa, watampeleka Mocímboa, hospitali kwanza, mengine baadaye. Nikamwambia kwa Kireno changu kibovu kwamba kuna mtu anataka kumuua humu humu. Akauliza nani. Nikashindwa kutaja. Akanyoosha kidole kwenye karatasi aliyobandika mlangoni: bunduki haziingii. Karatasi! Mlango wenyewe ndio ule tuliombebea Rafique, bado ameulalia, pana pazia tu.

Jioni nimemwambia Abudo: kasema ukweli. Alilazimishwa. Mwache aende, ahukumiwe huko. Akasema, huko watamwandika, watampa sabuni na blanketi, atarudi kukaa kisimani kunisalimia shemeji. Si yeye aliyesema redio inasema hauawi? Redio haikumzika Amade.

Nikamwambia ukimuua, mimi si mkeo. Akasema, najua.

Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Akaniinua kwa upole, akanipangusa mchanga. Akasema, kesho gari halijafika nitapita posto. Nitaweka mdomo wa bunduki juu yake, safari hii jasho haliniharibii. Mama Zaida, nishindilie mapema. Kana kwamba ananiomba nimfulie shati!

Nikasema ndiyo, Baba Zaida. Kwa sababu ndivyo ninavyosema kila siku.

Ijumaa, 9 Agosti

Amekwenda msikitini alfajiri. Nimeshindilia.

Nimefanya kama siku zote. Baruti, kipimo cha pembe. Kipande cha kanga. Risasi, nimechagua iliyo laini. Mdeki mpaka mwisho, gonga, gonga. Fataki, kile cha kuwashia, atatia mwenyewe. Nilifikiria kuacha baruti, niweke mchanga. Angegundua, angechukua gobori la Mussagy, au panga. Abudo akishaamua kitu hakuna mchanga wa kumzuia. Nilifikiria kukimbia na Rafique. Nitambebaje? Nimfiche wapi, kwenye mihogo na nyani?

Kikumbi sikufunga.

Nimesahau.

Mtu husahau. Nilisema hivyo msibani na bado nasema.

Sasa jua limetoka. Nimekaa mlangoni pa jiko na daftari. Abudo amezoea kuniona naandika, anadhani ni mambo ya kikundi cha wanawake. Amerudi. Ameomba chai, nimempa. Ameinywa yote. Amesifia tangawizi. Kwa nini asifie tangawizi leo?

Sikusahau. Niandike ukweli hapa, mahali pengine popote sitausema. Uzi wa makumbi ninao kwenye kiganja, nimeuviringisha kwenye kidole cha mkono wa kushoto, damu haipiti, kidole kimekuwa cheusi. Ukibaki kidoleni, Rafique ataona gari la tropa. Nikiinuka nikaenda kuufunga pale kwenye mtambo, Abudo atakuwa na macho yake mawili. Sioni njia ya katikati. Nimeitafuta tangu jana.

Anachukua gobori. Amelitazama kwenye mtambo.

Ameguna. Ameona hakipo. Hakuna kuuliza, hakuna kufikiri — ndivyo alivyowafundisha wenzake, na yeye ni mtu wa kushika neno lake. Ameshusha pembe ya baruti kutoka kwenye msumari. Anamimina. Baadhi imemwagika kwenye kidole chake cha mguu, ameipangusa kwa mguu mwingine.

Amechukua kipande cha kanga. Amekunja mara mbili kama mimi. Risasi.

Baba, ulisema tusiseme.

Mdeki unaingia. Sauti yake si ile. Mimi naisikia kutoka hapa, ni nzito, ni ya kitu kilichojaa. Anasukuma kwa mikono miwili. Huko kwenye njia ya posto kuna vumbi, sijui ni gari au ni ng'ombe. Anaangalia vumbi. Haangalii mdeki.

Sasa ameacha. Ameushika mdeki pale unapotokea mdomoni, ameupima kwa vidole. Mgongo ule ule alionibebea.

Amegeuka. Hana hasira. Ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza chumvi iko wapi — Alima, hii ulikuwa umeshaishindilia?

Kaniita Alima. Hajaniita hivyo tangu azaliwe Zaida.

Vumbi ni gari. Nasikia injini. Naye amesikia, bunduki imeshapanda begani, lakini bado amesimama. Anangoja nimjibu.

Mimi bado naandika.